Kwa nini Pontiac Solstice ilisitishwa ilhali wenye nayo bado wanaipenda?

Swali: Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, anamiliki Pontiac Solstice ya mwaka 2007, ile ya viti viwili yenye paa la kitambaa, ambayo aliinunua ikiwa imeshatumika. Anasema kila anaposimama kituo cha mafuta hakosi mtu wa kuisifia, na kwa hiyo haelewi ni vipi gari linalopendwa kiasi hicho lilitengenezwa kwa miaka michache tu kisha likaachwa. Anauliza kama hasira za wenye magari hayo zina msingi, kama aliuze lake au abaki nalo, na kama anaweza kulisafirisha hadi nyumbani atakaporudi.

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lile linalokusumbua zaidi. Solstice haikusitishwa kwa ubovu, wala haikusitishwa kwa sababu wanunuzi waliikataa. Ilisitishwa kwa sababu haikuwa na ndugu. Chasi yake, ambayo General Motors, kampuni mama ya Pontiac, waliipa jina la Kappa, haikubeba gari lolote la kawaida ambalo lingeuzwa kwa malaki na kugawana nayo gharama za kiwanda, na kampuni ilipofilisika, gari la namna hiyo ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote kukatwa. Mengine yote nitakayoeleza yanatokana na hilo.

Bob Lutz alijiunga na General Motors mwaka 2001 akiwa makamu mwenyekiti anayesimamia uundaji wa magari, na mapema mwaka 2002, katika maonyesho ya magari ya Detroit, kampuni ikaonyesha gari la mfano lenye jina la Solstice, lililochorwa chini ya uongozi wa Franz von Holzhausen, ambaye baadaye alikwenda Mazda na kisha Tesla. Watu walilipenda pale pale. Tatizo ni kwamba General Motors haikuwa na chasi ndogo yenye injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na bila chasi hiyo umbo lile lisingewezekana. Ikabidi iundwe mpya, na iundwe kwa bei ya kuliwezesha gari kuuzwa chini kidogo ya dola 20,000.

Ili bei hiyo ifikiwe, wahandisi walikusanya vifaa kutoka kwenye maghala ya kampuni nzima. Giaboksi ya gia tano ilitoka kwenye pikapu ya Chevrolet Colorado. Taa za rivasi zilitoka kwenye GMC Envoy. Injini ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 177 ilikuwa ya ukoo wa Ecotec, uliokuwa ukifungwa kwenye magari mengi ya familia ya kampuni hiyo. Ila vile ambavyo jicho linaviona na mkono unavigusa havikuwa na pa kuazimwa. Nguzo ndefu za chasi ziliumbwa kwa kusukuma maji yenye shinikizo kubwa ndani ya bomba la chuma mpaka bomba likashika umbo linalotakiwa, boneti ni bati moja kubwa linalofungukia mbele, na mfuniko wa buti unafungukia nyuma ili paa lipate pa kuingia. Kila kimojawapo kilihitaji kalibu yake, na kalibu za bati za gari ni miongoni mwa vitu ghali kuliko vyote katika kiwanda.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya kuelewana tu. Tuseme kalibu na mitambo ya chasi moja iligharimu dola milioni 200, na kampuni inatarajia kuuza magari 40,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka mitano. Kila gari litabeba dola 1,000 za gharama hiyo. Mauzo yakishuka hadi 10,000 kwa mwaka, gari lile lile litabeba dola 4,000, na huwezi kumwomba mnunuzi aziongeze juu ya bei uliyomtangazia. Gari la familia hulikwepa shimo hili kwa sababu chasi yake inabeba pia gari la mizigo midogo, gari refu la safari na gari la kampuni dada. Kappa ilibeba Solstice, Saturn Sky, Opel GT ya Ulaya na Daewoo G2X ya Korea Kusini, na yote manne ni gari lile lile la viti viwili lililobadilishwa sura. Ndugu wa namna hii hawasaidiani, maana wote wanategemea mteja mmoja.

Na mteja huyo ana tabia ambayo kila kampuni iliyotengeneza magari ya viti viwili imekutana nayo. Mwezi Aprili mwaka 2005 oda 1,000 za kwanza za Solstice zilijaa ndani ya dakika 41 baada ya gari hilo kuonyeshwa katika kipindi cha televisheni. Mwaka 2006 ziliuzwa nchini Marekani karibu 20,000, na mwaka 2008 zilikuwa zimeshuka hadi chini kidogo ya 11,000. Ukilitazama anguko hilo peke yake utadhani gari lilichokwa. Lakini tazama Honda S2000, gari lililosifiwa na mafundi na waandishi kwa injini yake ya lita 2 iliyoruhusiwa kuzunguka hadi mara 9,000 kwa dakika: nchini Marekani iliuzwa zaidi ya 9,000 mwaka 2002, na kufikia mwaka 2008 ilikuwa karibu 2,500. Toyota MR2 ya kizazi cha tatu, inayojulikana Japani kama MR-S, nayo iliondolewa sokoni Marekani baada ya mwaka 2005 na uzalishaji wake ukafungwa kabisa mwaka 2007.

Sababu ni kwamba wanaolitaka gari la viti viwili kwa moyo wote hununua katika miaka miwili ya kwanza. Wengi wao wana gari jingine la kwenda kazini na la kubebea watoto. Hili la viti viwili hutoka Jumamosi jua linapowaka, na majira ya baridi hufunikwa likalala gerejini, kwa hiyo baada ya miaka mitano bado ni zima na mwenye nalo hana haja ya jipya. Vibaya zaidi kwa kampuni, yale machache yanayouzwa tena huwa katika hali nzuri kiasi kwamba yanashindana na mapya yaliyoko dukani. Mteja mwaminifu wa gari hili, kwa jinsi anavyolitunza, anainyima kampuni mauzo ya kesho. Silisemi hili kwa lawama. Ni tabia njema ya mtu anayejali mali yake, ila haiwezi kukiendesha kiwanda.

Utaniuliza basi imekuwaje Mazda MX-5 iliyoanza mwaka 1989 ingali inatengenezwa, na mwaka 2016 ikafikisha gari la milioni moja. Hapa sharti nizitaje kasoro za Solstice, maana mapenzi yasitufumbe macho. Ili kushusha paa lake inabidi utoke nje, uufungue mfuniko wa buti, ulikunje paa na kulilaza ndani, kisha urudishe mfuniko, wakati mwenye MX-5 anafungua komeo akiwa amekaa kitini na kulisukuma paa nyuma ya bega. Tangi la mafuta la Solstice limeinuka katikati ya buti kama nundu, na paa likishalala humo panabaki nafasi ya mkoba mmoja mdogo. Uzito wake ni kama kilo 1,300, wakati MX-5 ya wakati ule ilikuwa karibu na kilo 1,100. Lakini tofauti kubwa zaidi ilikuwa usukani. MX-5 ilitengenezwa kwa usukani wa kulia na wa kushoto, ikauzwa Japani, Uingereza, Australia, Ulaya na Marekani kwa pamoja. Solstice na ndugu zake hazikuwahi kutengenezwa kwa usukani wa kulia hata moja, na ndiyo maana Opel GT haikuuzwa Uingereza kwa jina la Vauxhall, ingawa Waingereza ni watu wanaoyapenda sana magari ya aina hii. Gari lenye wateja wachache katika kila nchi linapaswa kuuzwa katika nchi nyingi. Kwa maoni yangu uamuzi wa usukani wa kushoto pekee uliligharimu gari hili kuliko kasoro ya buti na ya paa zikijumlishwa.

Hata hivyo, pamoja na hayo yote, huenda lingeishi miaka mingine michache kama si mwaka 2008. Katikati ya mwaka ule bei ya petroli nchini Marekani ilipita dola 4 kwa galoni, na kufikia Septemba benki zilikuwa zimeanza kuanguka na mikopo ya magari ikakauka. Anayekosa mkopo huanza kulikatia tamaa gari la pili, si lile la kumpeleka kazini. Mauzo ya magari mapya Marekani, ambayo mwaka 2007 yalikuwa kama milioni 16, yalishuka mwaka 2009 hadi kama milioni 10 na nusu. Tarehe 27 Aprili 2009 General Motors ilitangaza kwamba jina la Pontiac, lililokuwapo tangu mwaka 1926, litazimwa. Tarehe 1 Juni kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na Julai kiwanda cha Wilmington, jimboni Delaware, kikafungwa.

Kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kikitengeneza Solstice, Sky na zile za kupelekwa Ulaya na Korea, na hakikuwa na kazi nyingine. Hilo lina uzito kuliko tangazo la kuzimwa kwa Pontiac. Wapo wenye Solstice ambao hadi leo wanaamini kwamba kama lingebandikwa nembo ya Chevrolet lingeokoka. Nembo ingebadilishwa kwa mchana mmoja, lakini kulihamishia gari kiwanda kingine kungedai mitambo yote ya Kappa ing'olewe na kufungwa upya kwa fedha ambazo kampuni iliyofilisika haikuwa nazo. Chevrolet, vilevile, tayari ilikuwa na gari lake la viti viwili, Corvette, lenye jina tangu mwaka 1953, lenye kiwanda chake huko Bowling Green, Kentucky, na linalouzwa kwa bei zaidi ya mara mbili ya Solstice. Corvette nayo haina ndugu wa kuuzwa kwa malaki, lakini bei yake inaibeba. Gari la dola 20,000 halina uwezo huo. Wenye Saturn Sky walikuwa na tumaini kidogo zaidi, kwa kuwa jina la Saturn, nalo mali ya General Motors, lilikuwa linauzwa kwa kampuni ya Penske, hadi tarehe 30 Septemba 2009 mazungumzo yale yalipovunjika. Kiwanda chenyewe kilinunuliwa na kampuni ya magari ya Fisker kwa dola milioni 20, hakikutoa hata gari moja, na hatimaye kikabomolewa. Sasa pamesimama ghala kubwa la Amazon. Kwa kuwa unaishi jirani na Delaware, huenda umepita hapo bila kujua kwamba gari lako lilitokea papo hapo.

Sasa nije kwa wenye magari. Habari ya namna hii inapotoka watu hawaipokei kwa namna moja, na katika kazi yangu nimeziona namna hizo zikijirudia kila gari la viti viwili linapofikia mwisho wake. Wa kwanza ni wale wanaouza haraka kwa hofu, wakiamini kwamba mwezi ujao hakutakuwa na fundi wala kipuri. Hawa hupoteza fedha, na faida huwaendea wa pili, wale waliokuwa wakilitamani gari kwa miaka mingi bila kulimudu, ambao hulikuta dukani limepunguzwa bei. Wa tatu hulinunua la mwisho kutoka kiwandani, huacha viti vikiwa bado vimefunikwa plastiki, na kuliweka akiba wakitumaini litapanda thamani. Tumaini hilo si la uongo kabisa. S2000 moja ya toleo la CR la mwaka 2009, iliyokuwa karibu haijaendeshwa, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola 200,000. Lakini CR zilitengenezwa zisizozidi 700 hivi, na injini yake haina mfano. Kwa upande wa Solstice, linaloweza kutajwa kwa namna hiyo ni lile lenye paa gumu la kutoa la mwaka 2009, ambalo lilitoka zaidi kidogo ya 1,200 tu kabla kiwanda hakijafungwa. Lako la paa la kitambaa si mtaji. Ni gari la kuendeshwa, na nafurahi kwamba unaliendesha.

Kisha wapo wenye hasira, na uliuliza kama hasira hiyo ina msingi. Kwa sehemu ina msingi, kwa sehemu haina. Kuhusu udhamini, hawakutupwa: mwishoni mwa Machi 2009 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba ingesimama nyuma ya udhamini wa magari ya General Motors katika kipindi kile cha misukosuko, na baadaye wauzaji wa Chevrolet, Buick na GMC waliendelea kuyahudumia magari ya Pontiac. Kuhusu kusitishwa kwenyewe, kampuni haidaiwi na mteja wake ahadi ya kutengeneza gari milele. Lakini kuna jambo moja ambalo hasira yake ni haki kabisa, nalo ni swichi ya kuwashia gari.

Mwaka 2014 General Motors iliita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa, yakiwamo Solstice za miaka yote na Saturn Sky, kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa laini mno. Uzito wa funguo nyingi kwenye kishikio kimoja, au mtikisiko wa shimo barabarani, uliweza kuurudisha ufunguo nyuma gari likiwa mwendoni. Injini ikazima, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa haikufumuka wakati wa ajali. Fuko la fidia lililoundwa baadaye lilikubali vifo 124 katika magari yote yaliyohusika. Ndani ya kampuni tatizo lilikuwa limejulikana kwa miaka mingi. Ndugu yangu, nakusihi kabla ya kufikiria kuuza au kusafirisha: chukua namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17, iliyoandikwa chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize katika tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, na uhakikishe kwamba swichi yako ilibadilishwa. Aliyekuuzia huenda hakuipeleka. Kabla haijathibitishwa, endesha ufunguo ukiwa peke yake, bila kishikio wala funguo nyingine.

Kundi la mwisho la wenye magari ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, nalo ni wale waliogeuza huzuni yao kuwa akiba ya vipuri. Walikwenda kwenye maegesho ya magari yaliyokufa wakanunua milango, taa na vioo kabla havijapondwa. Walipashana habari za fundi gani anaweza kushona upya pembe za paa pale kitambaa kinapochakaa kwa kukwaruzana na chuma. Kwa sababu yao karakana kadhaa ndogo za Marekani zimeona kuna biashara ya kutengeneza upya vitu ambavyo kampuni imeviacha. Jiunge nao. Ndio watakaokuambia kwamba taa fulani imepatikana kabla hujaisikia kwingine kokote.

Hapa sharti utofautishe vizuri kipi ni adimu na kipi si adimu. Injini yako si ya kukutia wasiwasi, maana vipuri vya Ecotec ya lita 2.4 vimejaa. Hata ile ya tabo ya lita 2 yenye nguvu za farasi 260, iliyofungwa kwenye Solstice GXP, ilitumika pia kwenye Chevrolet Cobalt SS. Giaboksi ni ya pikapu. Sili za difu zikianza kuvujisha oili, jambo la kawaida kwa magari haya, fundi yeyote makini anazibadilisha, muhimu asiache difu ikakauka. Adimu ni taa za mbele na za nyuma, bati la boneti, mfuniko wa buti, bampa na fremu ya paa. Kwa mwenye MR-S hali ni nyepesi zaidi upande wa injini kuliko kwako, kwa kuwa injini yake ya 1ZZ ni ile ile ya Corolla, Allion na Wish zinazozunguka Nairobi na Dar es Salaam kila siku, lakini hata yeye akivunja taa anaanza kutafuta kama wewe.

Kuhusu kulipeleka Mombasa, jibu ni kwamba haiwezekani kwa matumizi ya kawaida. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limepita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na Solstice zote zimeshapita umri huo zamani. Isitoshe, gari la usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya isipokuwa kwa shughuli maalumu kama magari ya wagonjwa na ya zimamoto. Kuhamishia usukani kulia nisingekushauri hata kama sheria ingeruhusu, kwani dashibodi ya usukani wa kulia haikuwahi kutengenezwa na kila kitu kingekuwa cha kubuniwa na fundi. Ukirudi nyumbani, mwachie gari mtu wa huko Marekani atakayelitunza.

Mpaka siku hiyo ifike, ushauri wangu ni ubaki nalo, kwa sharti moja linalohusu bima. Gari hili likigongwa kidogo mbele, boneti ikapinda na taa moja ikavunjika, kampuni ya bima itakadiria bei ya vipuri adimu, italinganisha na thamani ya gari kitabuni, na kulitangaza kuwa halifai kutengenezwa, hata kama chasi na injini havikuguswa. Solstice nyingi zimeishia maegesho ya chuma chakavu kwa njia hiyo. Kwa hiyo tafuta bima ya magari ya ukumbusho, ambayo thamani ya gari mnaikubaliana kwa maandishi mwanzoni mwa mkataba. Lipige gari lako picha za kila upande, hifadhi risiti za matengenezo, na usome kifungu kinachoeleza kama una haki ya kulinunua tena kutoka kwa kampuni iwapo litatangazwa kuwa limekufa. Huku nyuma, ukiona taa nzima ya mbele inauzwa kwa bei ya haki, inunue uiweke kabatini, hata kama zako zote mbili bado zinawaka.